Mabara yanacheza gofu, timu ya Afrika iko wapi?

Ndugu zangu wachimbaji, wamama na vijana, musicheke. Mtu wa sendika kuandika juu ya gofu, mchezo wa wakubwa! Lakini iko na jambo linalotugusa.

Kuna mashindano ya gofu ambapo bara linacheza na bara lingine, na wachezaji hawalipwi. Ni watu wa ridhaa, sisi tunasema amatere. Tangu 1998 kuna kombe la Bonallack: Ulaya upande huu, Asia na Pasifiki upande ule, kila timu wanaume 12. Wanawake walipata lao mwaka 2016, linaitwa Patsy Hankins. La zamani zaidi ni Walker Cup, la 1922, Marekani na Uingereza pamoja na Ireland. Hesabuni basi. Amerika iko, Ulaya iko, Asia iko. Afrika haiko.

Mtu atasema Mwafrika hajui gofu. Uongo. Mwaka 2006 mashindano ya dunia ya timu za amatere yalichezwa Stellenbosch, na kombe la wanawake likabaki palepale Afrika Kusini. Lubumbashi kuna kiwanja, Kinshasa kuna kingine kule Gombe. Ng'ambo ya mpaka wa Katanga, kule Ndola, wanapiga mpira kati ya vichuguu vya mchwa. Na Kenya na Uganda, wachezaji wengi wazuri walianza kama makedi, wale wanaobeba mifuko ya fimbo za wakubwa. Mtoto anabeba toka asubuhi mpaka jioni, anaangalia mkono wa bosi, siku moja anapiga yeye mwenyewe, bosi ananyamaza.

Shida iko kwa lile neno amatere. Kwetu kazi bila malipo tunaiita salongo, na kila mtu anajua nani anashika jembe na nani anajifichaga. Kwenye gofu ni kinyume: anayeweza kucheza bure ni yule ambaye baba yake iko na mshahara. Kedi analipwa kwa siku, sawa na mchimbaji. Akienda wiki mbili kwa mashindano, nyumbani jiko linapoa. Zamani kanuni zilikataza amatere kupokea pesa kwa sababu ya jina lake. Tangu tarehe 1 Januari 2022 zimelegezwa: mdhamini anaweza kumlipa, na zawadi inaweza kufika dola 1000. Ni vizuri. Lakini mdhamini anatafuta mtu anayeonekana, na mechi ya mabara ndiyo inaonyesha watu. Mwafrika haimo. Njo pale mlango unafungwa mara ya pili.

Na sisi tuko ndani ya mchezo huo bila kuitwa. Kwenye vichwa vya fimbo nyingi wanatia kipande cha tungsteni, chuma kinachotoka kwa wolframite, kizito kuliko plomb. Sisemi kila kipande kimetoka Kivu, dunia inapata mingi toka China. Lakini jiwe linaingia kiwanjani, mchimbaji anabaki inje.

Hatushangai. Mwaka 2010 Marekani waliandika sheria ya Dodd-Frank juu ya madini yetu. Septemba ya mwaka huo Kinshasa ikafunga uchimbaji Kivu zote mbili na Maniema, mpaka Machi 2011. Mchimbaji gani wa Rubaya aliulizwa? Miezi ile mnaikumbuka, na minervali za watoto mnazikumbuka. Gofu si ugali, nakubali, na hapa Lushebere ni ng'ombe tu wanakata nyasi ya vilima. Lakini tabia ya kupanga mambo ya mabara bila Afrika ni ileile.

Ninachotaka ni hiki. Mashirikisho ya Afrika yaunge timu moja, Mmisri, Mkenya, Mzambia na Mkongo, sawa vile Asia na Pasifiki walivyojiunga, halafu waombe mechi na Ulaya. Na kedi akichaguliwa, alipwe tikiti, visa, na kila siku ya kazi aliyopoteza. Kampuni za mine zilijua kutengeneza viwanja vya gofu kwa ajili ya wakubwa wao kule Copperbelt. Siku kumi na tano za kedi mmoja haziwezi kuwashinda.