Sauti sita za Kichina na pumzi yetu

Mwaka jana, wiki mbili kabla ya mitihani, tulimzika kaka yangu. Kilio kilikwisha, watu wakarudi kwao, nami nikarudi kampasi. Wenzangu waliniambia nijikaze, nikajikaza. Nilihudhuria masomo, nilikula, nilicheka pale walipocheka wengine. Usiku nililala macho wazi. Siku moja mama mdogo alinipigia simu.

— Mwanangu, umelia?

— Nimemaliza kulia, mama.

— Kama umemaliza, mbona unaongea kama mtu anayepanda mlima?

Sikuwa na jibu. Kweli nilikuwa sipumui vizuri, na mimi mwenyewe sikujua.

Siku zile mwenzetu mmoja aliyewahi kusoma China alinionyesha zoezi liitwalo Liuzijue, yaani kanuni ya herufi sita. Nalifanya hadi leo. Ninayotaka kusema hapa ni mawili: zoezi lenyewe linafaa, lakini sababu nyingi zinazotolewa na wanaolisifu hazifai. Na sisi tunaosoma lugha tunazo zana za kutenganisha hayo mawili.

Katika tiba ya jadi ya China, kila hisia ina kiungo chake. Kitabu cha Huangdi Neijing, kilichokusanywa miaka zaidi ya elfu mbili iliyopita, kinaweka hasira katika ini, furaha katika moyo, mawazo mengi katika wengu, huzuni katika mapafu na hofu katika figo. Kinaeleza kwamba hasira hupandisha qi, huzuni huimaliza, na mawazo huifunga fundo. Qi ni pumzi, ni hewa, tena ni nguvu ya uhai. Hata leo Mchina akisema amekasirika hutumia neno shengqi, ambalo tukilifasiri sehemu kwa sehemu ni «kuzalisha qi».

Msemaji wa Kiswahili hapaswi kushangaa. Kwetu maneno makali hukata maini, mwenye hofu hukaa roho juu, aliyekata tamaa amevunjika moyo. Hakuna anayekimbizwa hospitalini kwa kuwa maini yamekatwa. Najua waganga wa China walikusudia zaidi ya msemo. Lakini mimi naisoma ramani yao kwanza kama lugha: inamsaidia mtu kusema anaumia wapi, hata kabla hajaweza kusema anaumizwa na nini.

Zoezi ni jepesi. Unasimama au unaketi, unalegeza mabega, unavuta hewa kwa pua, kisha unaitoa polepole kwa mdomo huku ukitamka silabi moja na kuelekeza mawazo kwenye kiungo chake. Xu ni ya ini, he ya moyo, hu ya wengu, si ya mapafu, chui ya figo. Ya sita, xi, ni ya kile wanachokiita sanjiao, yaani majiko matatu, ambacho kinahusu kiwiliwili kizima. Kila moja hurudiwa mara sita. Anayeanza hutoa sauti. Akizoea, sauti hupungua mpaka sikio lake mwenyewe halisikii tena. Huo ndio utaratibu uliotolewa China mwaka 2003, shirikisho la qigong ya afya lilipochapisha toleo moja la kufundishia watu wote. Nilipoona imeandikwa kwamba dawa ya hofu ni chui, nilicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kwa Kichina neno hilo hutamkwa karibu na «chwei», na maana yake ni kupuliza.

Sasa tuje kwenye madai. Dai la kwanza ni kwamba kila sauti ina mtetemo wake unaopenya kiungo chake na kukiponya. Tujaribu dai hilo kwa historia ya lugha. Wakati wa enzi ya Tang, xu na xi zilianza kwa kikwamizi cha nyuma ya kinywa, karibu na kh. Leo zinaanza mbele, karibu na sh. Kama uponyaji ungetegemea mtetemo halisi wa sauti, basi ama wagonjwa wa Tang walidanganywa, ama wa leo wanadanganywa. Isitoshe, orodha zenyewe zimebadilika. Katika maandishi yanayohusishwa na Tao Hongjing, mganga na mwanadao aliyeishi kati ya mwaka 456 na 536, xu ilikuwa ya mapafu. Leo ni ya ini.

Dai la pili linawapendeza sana watu wa lugha. Wanasema herufi ya zamani ya neno dawa, yào, ina alama ya majani juu na alama ya muziki chini, kwa hiyo Wachina wa kale walijua kwamba muziki ni dawa. Ni hadithi tamu, lakini Xu Shen, aliyetunga kamusi ya Shuowen jiezi karibu na mwaka 100, anaeleza herufi hiyo kwa namna nyingine: majani yanatoa maana, na alama ya muziki imewekwa ili kuonyesha matamshi. Herufi nyingi za Kichina zimejengwa hivyo. Tukikubali etimolojia kwa sababu ni tamu, tutakuwa tumesahau tulichofundishwa mwaka wa kwanza.

Basi kinachobaki ni nini? Rudini kwenye silabi sita mzitazame kama katika somo la fonetiki. Tano zinaanza kwa kikwamizi, na ya sita, chui, inaanza kwa kizuio-kwamizi. Konsonanti zote hizo hazina mghuno. Hakuna hata silabi moja inayoishia kwa kufunga mdomo. Tena tazameni maana: hu ni kutoa pumzi, he pia, xu ni kupumua nje taratibu, chui ni kupuliza. Hizi ni tanakali sauti za pumzi inayotoka. Matamshi yamebadilika kwa karne nyingi, orodha za viungo zimebadilika, lakini jambo moja halikubadilika: hewa inatoka polepole, na mtu anaifuatilia kwa mawazo yake.

Hilo lina maelezo yasiyohitaji muujiza. Tunapovuta pumzi moyo huenda mbio kidogo, tunapoitoa hupunguza mwendo. Anayerefusha pumzi ya kutoka anaupa mwili wake nafasi ya kutulia. Na Kiswahili kilishalisema hilo bila kwenda China. Kupumua, pumzi na kupumzika ni ukoo mmoja. Mtu aliyepona hatari tunasema ameshusha pumzi, hatusemi ameivuta.

Kuna wenzangu watakaosema kwamba hii ni ibada ya kigeni. Siwezi kuficha kwamba mizizi yake imo katika dini ya Dao. Lakini pumzi haina dini, na anayependa kusali huku akipumua taratibu hatakosa kitu. Wengine watauliza kwa nini tusichukue vilio na nyimbo zetu za matanga. Nakubali, tuvichukue. Shida yangu ni kwamba kilio kina siku zake, kisha kijana, hasa wa kiume, huambiwa anyamaze. Mimi nilipata silabi moja, si, ya kutamka peke yangu chumbani usiku, miezi miwili baada ya watu kuondoka. Usiku wa tatu nililia. Kisha nililala.

Sikupona huzuni, kaka yangu bado hayupo. Ndiyo maana nawaonya wale watakaosikia mjini kwamba sauti hizi zinaondoa kisukari au shinikizo la damu: msiache dawa zenu. Na aliyefika mahali pa kutaka kujiua asiachiwe silabi. Apelekwe kwa daktari, na asiende peke yake.

Lakini tunakaa madarasani pamoja na wenzetu waliopoteza ndugu, wengine waliokimbia vita mashariki, na hatuna hata dakika kumi za kunyamaza pamoja. Naomba kitivo kitupatie chumba kimoja, mara moja kwa wiki, wakati wa mitihani. Bila malipo na bila ahadi ya uponyaji. Walimu wa fonetiki waje watusahihishe matamshi, wanaopinga waje waandike jibu katika jarida hili. Mimi nitakuwepo, na nitaanza na chui.