SILI YA SHOKAPU SI DENI LA MPANDA PIKIPIKI



Liko jambo linaloonekana dogo, na kwa kuwa linaonekana dogo limeachwa litunyonye. Nalo ni pikipiki za kazi zinazovuja mafuta katika shokapu za mbele.

Karani wa majani, nyapara au tarishi hupewa pikipiki azungukie vituo vya kupimia majani. Shokapu ikianza kuvuja huambiwa, "Endelea nayo, bado inakwenda." Siku inapopelekwa kwa fundi huambiwa, "Gharama itatoka katika mshahara wako, maana wewe ndiwe uliyeiharibu." Maneno yote mawili si ya haki. Tuyajibu moja moja.

"Bado inakwenda." Ndiyo, inakwenda, tunauliza kama itasimama. Mafuta ya ndani ya shokapu ndiyo yanayotuliza springi. Yakipungua, gurudumu la mbele hurukaruka juu ya mawe badala ya kushika barabara. Tena mafuta yanayotoka huteremka na mguu wa shokapu mpaka chini kwenye gurudumu. Pikipiki ikiwa na breki ya disiki, mafuta yanaweza kuingia pale pale breki inapobana, na breki yenye mafuta haishiki. Sasa mtu ateremke nayo kilima cha udongo mwekundu huko Konoin au Ainamoi, alasiri, mvua ikiwa imekwisha kunyesha. Wasemao kwamba inakwenda huteremka kilima hicho wakiwa ndani ya motokaa.

"Wewe ndiwe uliyeiharibu." Sili ni mpira, na kazi yake ni kusuguana na bomba la shokapu katika kila shimo la njiani. Tope la barabara za majani hukauka juu ya bomba, likawa kama msasa, likala ukingo wa mpira. Kutu nayo hufanya vivyo hivyo. Je, karani ndiye aliyeleta mvua Kericho na Bomet? Ndiye aliyeacha barabara bila changarawe? Mkanda wa mashine ukichakaa kiwandani, mtu wa mashine hanunui mkanda. Kwa nini mwenye pikipiki ya kazi anunue sili?

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inampa mwajiri ruhusa ya kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Makusudi, ndugu! Mpira kuchakaa si makusudi. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huo huo wa 2007, kifungu cha 6, inamtaka mwenye mahali pa kazi aweke vyombo vya kazi na kuvitunza viwe salama.

Uko pia ulaghai wa kutengeneza bila kutengeneza. Shokapu hufungwa kitambaa, au hutiwa oili nzito ya injini, au hubadilishwa sili ya upande mmoja tu. Kila mfanyakazi ajue kazi ya haki ilivyo, asidanganywe. Gurudumu la mbele huinuliwa na kutolewa, shokapu zote mbili zikafunguliwa na mafuta ya zamani yakamwagwa. Sili ya vumbi na waya unaoizuia sili ya ndani hutolewa, kisha sili kuukuu hung'olewa bila kuchubua kikalio chake. Bomba hukaguliwa: kutu kidogo husuguliwa kwa msasa laini sana, lililochimbika au kupinda hubadilishwa. Sili mpya juu ya bomba bovu itavuja tena upesi, na lawama itamrudia mpandaji. Sili mpya hupakwa mafuta mdomoni, ikagongwa polepole kwa bomba la upana wake, ikae sawasawa pande zote. Mwisho hutiwa mafuta ya shokapu kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki, kulia na kushoto sawa. Breki iliyoingia mafuta nayo isisahauliwe.

Sisi nasi tuna wajibu. Tufute tope kwenye mabomba kila jioni kabla halijakauka. Tusikubali kubebeshwa magunia kupita kiasi. Na tukiona mafuta yanavuja, tuandike barua siku hiyo hiyo, tubaki na nakala. Neno la mdomo hukanwa, karatasi haikanwi.

Basi madai yetu ni haya:

1. Sili, mafuta na mabomba ya pikipiki za kazi yalipwe na mwajiri, na fedha zilizokwisha kukatwa zirudishwe.

2. Pikipiki inayovuja isitoke mpaka itengenezwe, na siku ya kungoja fundi ihesabiwe kuwa siku ya kazi.

3. Sili zibadilishwe pande zote mbili, na fundi aandike alichokifanya.

4. Asiadhibiwe mtu kwa kukataa chombo cha hatari.

Mtasikia tena kwamba haya ni mambo madogo ya spea. Kama ni madogo, matajiri wayalipe leo. Kila aliyekatwa mshahara alete hati yake ya malipo kwa mjumbe wa tawi lake. Mtu mmoja akilalamika huitwa mkorofi. Tawi zima likilalamika, lazima lisikizwe.

UMOJA NI NGUVU.