Vumbi ya karieri haitoke kwa lavema

Kolwezi ao Likasi, neno ni moja: «Nakula vumbi mwezi muzima, lazima nisafishe tumbo.» Basi mutu anapita ku farmasi, anauzishwa vidonge vya kuharisha bila karatasi ya munganga, na ku nyumba pwari ya lavema inamungoja.

Hofu ile sikatae, iko na sababu. Mu 2009 watafiti wa Universite ya Lubumbashi na wenzao wa Leuven, kule Ubelgiji, walitangaza kama watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wako na kobalti nyingi sana mu mukojo. Mu mukojo, mumesikia? Kobalti iliyoingia mu damu, sehemu kubwa inatokea kwa njia ya figo. Na vumbi ya mawe tunayovuta inakaa mu mapafu. Lavema inaosha mwisho wa utumbo tu. Ni kama mutu anaosha kiatu wakati shati njo chafu.

Kinachotoka kweli ni maji na chumvi za mwili. Kidonge cha bizakodili kinafanya kazi kisha saa 6 mpaka 12: unameza usiku, kinakukamata ukiwa ndani ya shimo. Ongeza jasho. Misuli inakaza, kichwa kinazunguka, moyo unapiga vibaya, na wewe uko juu ya kamba. Tena mwili ukikauka, mukojo unapunguka. Mulango ambamo kobalti ilikuwa inatokea, umeufunga mwenyewe!

Lakini ya watoto njo inaniumiza zaidi. Mama zetu, pilipili mu pwari ya mutoto ni ya nini? Sabuni, majani makali, hata kwa mutoto wa miezi michache. Utumbo wake ni laini, unaungua, unaweza kutoboka, na maji yake mwilini ni machache. Mutoto mwenye homa na tumbo lenye kuvimba pengine ana tifoide, na tifoide inaweza kutoboa utumbo. Kumuharisha pale ni hatari ya kifo. Ile lavema ya farmasi yenye fosfati nayo si maji ya kunawa: mu 2014 wakubwa wa dawa wa Marekani walionya kwamba kupita dozi moja kwa siku inaweza kuharibu figo na moyo, hata kuua.

Mutu aliyefunga choo kweli, sawa, dawa iko kwa ajili yake, siku chache. Maharagi, matembele, papai na maji mengi vinasaidia vizuri. Akitapika, ao tumbo likiwa gumu, aende kwa munganga, hapana kwa muuzaji.

Sasa tuulize koperative zinazokata makuta yetu ku kila gunia: maji ya kunywa ku shimo iko wapi? Maski iko wapi? Kumwagia mawe maji mbele ya kuyapasua inapunguza vumbi, lakini nani analeta ile maji? Mutu anajiharisha sababu njo kitu kimoja tu anachoweza kujinunulia. Uchunguzi wa Kasulo, uliotoka mu 2018, ulikuta watoto wako na kobalti kupita wakubwa. Kwa hiyo baba, nguo za kazi uvulie inje, unawe, kisha ubebe mutoto.