Fundi hodari asinyimwe cheti kwa sababu ya Kiingereza

Mwezi uliopita nilishinda siku nne katika gereji moja ya jua kali jijini Nairobi, nikitazama sakafu ya pikapu yangu ikikatwa na kuundwa upya. Gari lenyewe ni Peugeot 504, aina iliyokuwa ikiunganishwa papa hapa nchini na ambayo ilibeba kabeji, maziwa na watu mashambani kwa miaka mingi. Langu liliishi Pwani kabla ya kunifikia, na hewa ya chumvi haina urafiki na chuma. Asubuhi moja nilikanyaga klachi, mguu ukahisi upepo. Nilipoinua zulia niliiona barabara.

Sakafu hiyo ilikuwa imewahi "kutengenezwa". Fundi aliyetangulia, ambaye sitamtaja, alilaza kipande cha bati la paa juu ya tundu, akakipigilia ribiti na kukipaka lami. Kwa macho kazi ilipendeza. Chini yake kutu iliendelea kula kwa raha mustarehe, kwa maana maji yaliyovuja kupitia mpira wa kioo cha mbele yalinaswa kati ya bati kuukuu na bati jipya, yasipate pa kutokea. Walimu wenzangu wa Kiswahili hupenda kuwaonya vijana kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika shughuli hii methali hiyo inapotosha. Anayeziba bila kukata ndiye anayeubomoa ukuta.

Hilo nilifunzwa na mwanagenzi wa gereji hiyo, kijana wa miaka ishirini na ushei. Kwanza alitenganisha betri, akang'oa viti, zulia na sponji iliyokuwa imelowa chini yake. Akalala chini ya gari kuchungua mahali bomba la petroli na lile la breki yanapopita, akayasogeza, kisha akaweka ndoo ya maji na mchanga karibu. Ndipo akaanza kugonga sakafu kwa nyundo ndogo, ncha kwa ncha, akisikiliza. "Hapa pazima," alisema. "Hapa pameoza, Mwalimu, hata kama rangi ingalipo." Akachora mstari kwa chaki vidole viwili ndani ya sehemu nzima na kukata hapo. Tundu lililokuwa sawa na kiganja likawa kubwa kuliko sinia. Nilishtuka, lakini yeye hakushtuka.

Nilipouliza kwa nini asitumie bati la paa, alinijibu kwa sababu mbili ambazo mwanafunzi wa fizikia angejivunia. Bati la geji 30 lina unene wa takriban robo milimita tu, ilhali sakafu ya gari hukaribia milimita moja (na wageni wa geji wakumbuke kuwa nambari ikipanda, bati hupungua unene). Pili, bati la paa limepakwa zinki, na moshi wa zinki inayoungua humletea mchomeleaji homa. Alikata kiolezo cha katoni, akakihamishia kwenye bati jeusi, akaligonga lipate matuta kama ya sakafu ya awali, kwa kuwa matuta hayo ndiyo yanayoipa nguvu. Halafu akachomelea kwa nukta: moja hapa, nyingine ng'ambo, akingojea joto lipoe kabla ya kurudi. Akiunganisha mfululizo, alisema, bati "litacheza". Mwisho alipaka rangi ya kuzuia kutu juu na chini, akaziba maungio, na kubadilisha ule mpira wa kioo uliokuwa chanzo cha yote.

Si urembo huu. Boliti za kiti hufungwa sakafuni, na katika magari mengi mkanda wa usalama nao hushikizwa huko huko. Sakafu iliyooza humwachilia dereva siku anapohitaji kushikwa. Aidha, ekzosi ikitoboka, kaboni monoksidi hupenya kwenye matundu hayo, nayo haina harufu ya kumwonya mtu.

Kijana huyu alikuwa ameanguka mtihani wa ufundi, sehemu ya maandishi. Alinisimulia swali mojawapo. Lilimtaka aeleze jinsi ya kuzuia bati jembamba lisipindike kutokana na joto la kuchomelea. Naam, lile lile alilokuwa akilifanya mbele yangu. Hakulitambua neno la Kiingereza lililotumiwa kwa kupindika huko, akaiacha nafasi tupu. Karo ya mtihani alikuwa ameidunduliza kwa vibarua.

Je, mtihani huo ulipima nini? Serikali ilitoa Waraka Nambari 2 wa mwaka 1992 kuhusu biashara ndogo na jua kali, ikikiri kuwa sekta hii ni nguzo. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Fundi anayetaka kujieleza kwa lugha rasmi ya nchi yake haombi fadhila.

Najua nitaambiwa kwamba lugha ya gereji ni mchanganyiko: gesi, grainda, chesisi, boneti. Pingamizi hilo halinitishi. Neno "gari" lenyewe tulilitoa kwa Wahindi, na "lehemu" ambalo wasanifu hulipendelea lilitoka kwa Waarabu. Binafsi naona "kuchomelea" la mafundi lina haki sawa, tena limeundwa kwa mnyambuliko wetu wenyewe. Vilevile "kucheza" kwa bati ni istilahi tayari. Inangojea kuandikwa tu.

Hapa ndipo ninapowaendea walimu. Katika isimujamii huwafunza wanafunzi sajili ya hospitali, ya mahakama, ya michezo, ya sokoni. Sajili ya gereji ni nadra kuiona katika vitabu nilivyovipitia, ingawa gereji iko hatua chache kutoka lango la shule nyingi. Mpeni mwanafunzi daftari na alasiri moja huko. Aandike kila jina la kifaa na kila kitenzi, aulize maana, kisha atunge maelekezo ambayo fundi mwenyewe atayasoma na kuyasahihisha. Sisi wa vyuo vikuu tuyakusanye madaftari hayo na kuyapeleka kwa watunga mitihani, badala ya kukaa vikaoni tukibuni maneno ambayo hakuna aliyeyaomba.

Mimi nimeanza. Nina maneno 63 kutoka kwa kijana yule, na Jumamosi hii tunapitia maswali ya mwaka jana, yeye akinieleza kazi nami nikimweleza Kiingereza chake.