Shida haiko ku telefoni ya mwananchi, iko ku seva

Wananchi wenzetu, vijana wa Cimpunda, wa Kadutu na wa Bukavu nzima,

Tangu programu yetu ya mazungumzo ihamishiwe ku seva mpya, mesaji za zamani hazisomeki tena vizuri. Mahali mliandika «blessés wawili», sasa mnasoma «blessÃ©s wawili». Wengi mmetuuliza kama ni virusi, wengine mkafikiri kuna mtu ametuingilia. Yule anayetupangishia seva alijibu kwa ufupi: wananchi wabadilishe telefoni, ao waandike bila alama juu ya herufi. Jibu hilo tunalikataa, na tunaeleza sababu.

Kwanza tuone kilicho hatarini. Mesaji hizo si masolo ya kupitisha wakati. Ni kumbukumbu ya mtaa: siku gani udongo ulishuka, njia gani ilifungwa, nani aliumia. Kwetu ku mlima, nyumba zimeshikamana, na mvua kubwa moja inatosha kuleta msiba. Kila mara tukienda kudai, tunaambiwa: «hakuna mtu alitujulisha». Dawa ya maneno hayo ni mesaji yenye tarehe na saa. Sasa ukitafuta neno «blessé» ndani ya programu, mesaji za zamani hazitoki. Ukitafuta jina Désiré ao Espérance, ni vile vile. Ziko, lakini hazipatikani. Na ushahidi usiopatikana, mbele ya mkubwa, ni kama haujaandikwa.

Basi tulifuata shida hatua kwa hatua, kama vile unafuata bomba mpaka mahali maji yanavuja.

Alama ya kwanza: mesaji za Kiswahili tupu hazikuguswa. «Udongo umeanguka, njia imefungwa» inasomeka bila shida. Kiswahili chetu kinaandikwa kwa herufi za kawaida tu, na herufi hizo zina namba zile zile katika ASCII ya Wamarekani ya miaka ya 1960, katika Latin-1 iliyokuja baadaye, na katika UTF-8 ya leo. Zilizovunjika ni é, è, ç na wenzao.

Alama ya pili: mesaji mpya zenye é zinatoka safi, ku telefoni ile ile inayoonyesha za zamani zikiwa zimeharibika. Hapo tu hadithi ya kubadilisha telefoni ilianguka.

Alama ya tatu ilikuwa ndani ya hifadhi ya data. Katika UTF-8, mpango uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992 na unaotumiwa leo karibu ku intaneti yote, é ni baiti mbili: C3 A9. Mesaji mpya zina hizo mbili. Za zamani zina nne: C3 83 C2 A9.

Maana yake ni hii. Seva ya zamani ilikuwa inaongea na hifadhi kupitia mlango uliotangazwa kuwa Latin-1, ambamo kila baiti ni herufi moja. C3 ikasomwa Ã, A9 ikasomwa ©, halafu kila moja ikaandikwa upya kwa UTF-8. Wakati wa kusoma, mlango ule ule uligeuza mambo kinyume, na é ikarudi é. Makosa mawili yalikuwa yanafichana, na hakuna mtu aliona kitu. Seva mpya imefungua mlango wa UTF-8. Kosa la kusoma limeondoka, lile la kuandika limebaki wazi.

Kwa hiyo dawa ipo: kutoa nakala, kisha kurudisha mesaji za zamani hatua moja nyuma, bila kugusa mpya. Tulijaribu juu ya nakala, na mesaji tulizokagua zilirudi. Lakini haraka ni mbaya. Mtu akigeuza hifadhi yote kuwa Latin-1, herufi za Lingala kama ɛ na ɔ, ambazo hazimo kabisa ndani ya Latin-1, zinaweza kuwa «?». Ã© inaweza kurudishwa. «?» hairudi, maana haikumbuki ilikuwa nini.

Kuna watakaosema: andikeni Kiswahili tupu, shida imekwisha. Hapana. Kiswahili tunakipenda, lakini mama anayetoa habari saa nane ya usiku anaandika vile anaongea, na kwetu tunachanganya. Jina la mtu nalo liandikwe vile liko ku karatasi yake. Chombo ndicho kinamfuata mwananchi. Tumechoka na ile tabia ambapo kila kitu kikiharibika juu, anayeambiwa abadilike ni mtu wa chini, tena kwa pesa yake mwenyewe.

Ndiyo sababu tunadai mambo matatu.

Moja: anayetupangisha asifute seva ya zamani mpaka mesaji zote zisahihishwe na kukaguliwa.

Mbili: mtu yeyote anayetengeneza programu ya kutumiwa hapa Bukavu aijaribu kwanza kwa é, kwa ɛ na kwa vile vipicha vya uso, na atangaze UTF-8 ku kila mlango: ukurasa, seva na hifadhi.

Tatu, na hili ni lenu: musifute kitu. Fungueni mesaji zenu za zamani, mupige picha ya zile mbovu, mututumie pamoja na tarehe. Kila moja inayorudi ni mara moja zaidi ya kuwajibu wakubwa: tuliwajulisha, na siku ni hii hapa.