Fundi, badilisha namba za ruta siku ya kwanza
Na Rehema Mbwambo

Mhasibu anafanyia kazi nyumbani. Anawasha kompyuta, anafungua VPN ya ofisi, nayo inamwambia ameunganishwa. WhatsApp inaingia, barua pepe zinakwenda, lakini mafaili ya ofisini hayafunguki ng'o. Anampigia simu mtu wa IT. Wanazima na kuwasha, wanafuta programu na kuiweka upya, mwishowe lawama anatupiwa mtoa huduma wa intaneti. Mara nyingi anaonewa. Tatizo liko kwenye namba ambayo hakuna mtu aliyeichagua.

Ruta nyingi hutoka kiwandani zikiwa na anwani 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Fundi anaifunga ukutani, anaweka nywila ya Wi-Fi, anaondoka. Ofisi nayo, hasa ile ndogo, imefungiwa ruta ya aina hiyohiyo na seva yake imepewa 192.168.1.10. Kompyuta ya mhasibu ikiulizwa namba hiyo, inaona ni ya mtandao wa nyumbani, hivyo inaisaka palepale sebuleni badala ya kuipitishia VPN. Inaweza kuikuta televisheni, au isikute kitu.

Na nafasi ipo tele. Waraka uitwao RFC 1918, wa Februari 1996, ulitenga makundi matatu ya anwani ambazo yeyote anaweza kuzitumia ndani kwake bila kuomba ruhusa. Kundi linaloanza na 10 lina anwani zaidi ya milioni 16. La 172.16 hadi 172.31 lina zaidi ya milioni moja. La 192.168 lina 65,536 tu, na humo ndimo tulimojazana karibu sote, tena kwenye kona moja.

Ushauri wangu ni kuhamia kwenye 10. Epuka 10.0.0 na 10.1.1, maana nazo zimezoeleka. Okota namba mbili za katikati ovyoovyo, kati ya 0 na 255, upate kitu kama 10.83.147. Usiinakili hiyo, jitungie yako. Kisha panapoulizwa ukubwa wa mtandao, andika 255.255.255.0. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: ukiandika 255.0.0.0, nyumba yako imelichukua kundi zima la 10, na ofisi kubwa nyingi zimo humo. Utakuwa umejiongezea tatizo. Anwani 254 zinatosha simu, kamera, printa na wageni wa sikukuu.

Usijitungie namba nje ya makundi hayo matatu. 172.32 inafanana na za faragha, lakini ina mwenyewe huko nje. Cloudflare walipofungua huduma yao ya 1.1.1.1 mwaka 2018, mitandao kadhaa ilishindwa kuifikia kwa sababu vifaa vyake vilikuwa vikiitumia namba hiyo ndani kwa ndani, kana kwamba haina mtu.

Mabadiliko haya hufanyika kwenye ukurasa wa ruta, sehemu ya LAN, na hayagusi kifurushi chako wala malipo. Simu na kompyuta zitapewa namba mpya zenyewe zikiungana upya. Kazi iko kwa kamera za ulinzi na printa zilizowekewa anwani ya kudumu kwa mkono: hizo zitapotea mpaka uziendee moja moja. Ndiyo maana siku nzuri ya kubadilisha ni ile ya kwanza, kabla nyumba haijajaa vifaa.

Kwa hiyo ombi langu ni kwenu mafundi mnaofunga intaneti majumbani. Mwenye nyumba hawezi kuuliza asichokijua, ila ninyi mnajua. Kabla hujakusanya vifaa vyako, ingia kwenye ruta, badilisha namba, ziandike kwenye karatasi na uibandike chini ya ruta.