Kabla Hujafomati, Pima Kwanza

Fundi akikwambia, "Diski imejaa, tufomati," mwulize swali moja tu: imejazwa na nini? Akikosa jibu, chukua laptopu yako uondoke. Daktari gani hukata mguu kabla ya kuuliza unaumwa wapi?

Hapa Nairobi kufomati kumekuwa dawa ya kila ugonjwa. Kompyuta ikienda polepole, fomati. Ikijaa, fomati. Jirani yangu wa Kangemi, mwalimu, aliipeleka yake kwenye duka moja katikati ya jiji. Picha za mazishi ya mamake zikapotea, pamoja na alama za wanafunzi za mihula mitatu. Na hasara hiyo aliilipia shilingi 1,500! Jamani, huo si ufundi.

Tuanze na hesabu. Diski iliyoandikwa GB 500, Windows huionyesha kama 465. Hujaibiwa. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000, ilhali Windows huhesabu 1,073,741,824. Diski ni ile ile, kipimo ndicho tofauti. Kwa hivyo laptopu ya mtumba yenye diski ya GB 128 huanza na 119 hivi, na hapo Windows yenyewe bado haijachukua sehemu yake.

Sasa wanaojaza. Fungua Settings, kisha System, kisha Storage. Windows 10 na 11 zitakuonyesha nafasi imekwenda wapi. Ukitaka picha kamili, pakua WinDirStat, programu ya bure inayochora kila faili kama kisanduku: faili kubwa, kisanduku kikubwa. Mara nyingi utakuta filamu ulizokwisha kutazama, faili ulizopakua mara mbili mbili, na pipa la taka ambalo halijamwagwa tangu ununue mashine. Ukifuta faili kwa njia ya kawaida, inahamia kwenye pipa hilo na kuendelea kula nafasi ile ile.

Kuna pia folda ya Windows.old, mabaki ya toleo la zamani baada ya kupandisha mfumo. Hiyo hula gigabaiti nyingi. Iondoe kupitia Temporary files, hapo hapo kwenye Storage. Lakini soma orodha kabla ya kubofya, usije ukafuta folda ya Downloads ikiwa na stakabadhi zako.

Halafu kuna wale wa "weka programu ya kusafisha". Mwaka 2017 wadukuzi walipenyeza programu hasidi ndani ya CCleaner, na watu zaidi ya milioni 2 wakaipakua kutoka kwa mwenyewe halisi. Kwa nini umkaribishe mgeni akufagilie nyumba ilhali ufagio unao?

Sisemi kufomati ni haramu. Mfumo ukiharibika kabisa, au virusi vikikataa kutoka, fomati. Lakini kwanza nakili kila kitu kwenye diski ya nje, kisha fungua faili kadhaa uhakikishe zinasomeka.

Nanyi mafundi wenzangu, mteja anawaletea maisha yake, si chuma tu. Muulizeni kilichomo kabla hamjagusa kitu. Asiyeuliza hastahili hata senti moja.